Ndama Mwekundu wa Malkia

Bega langu la kushoto lilistaafu kabla yangu. Kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu za fahali huzeesha mkono mmoja na kuuacha mwingine kijana, kwa sababu mkono huo ndio unaoingia ndani ya ng'ombe hadi begani, naye huubana anavyotaka, maana si yeye aliyekuita. Siku niliyoshindwa kuepua sufuria ya ugali kwa mkono huo nilijua basi. Nyinyi vijana wa ushirika mliochukua mtungi wangu wa nitrojeni, wa kugandishia mbegu, mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Mambo ya vyeo nayaacha. Nitawaandikia jambo lililonishika, mimi ambaye sikuwahi kushikwa na kitu.

Shule sikufukuzwa, na karo haikukosekana kabisa. Nilikuwa darasa la saba nikaona lori la vitunguu likielekea Naivasha, nikataka kujua vitunguu huishia wapi. Niliishia Karagita, chumba kimoja wasichana wanne, kazi ya kufunga waridi za kusafirishwa nje kwa ndege. Nilimuuliza msimamizi kwa nini tawi la waridi jekundu likipandwa hutoa jekundu kila mara, ilhali mbegu ya ua hilohilo huleta rangi yoyote ipendayo.

"Msichana," akaniambia, "uliandikwa kuhesabu ama kuuliza?"

Nilihesabu kwa muda, kisha nikaondoka. Nilipika chai Longonot kwa watu waliopanda mlima kwa hiari yao, jambo ambalo mpaka leo silielewi. Baadaye nikaenda Rongai, kwenye ghala la nafaka, kushona magunia. Huko ndiko nilikoanza kutenga mahindi ya ajabu. Gunzi jeupe lote, halafu punje mbili tatu za njano, kama meno ya mzee. Niliyapanga dirishani bila kujua natafuta nini.

Siku moja alikuja mama mmoja kununua pumba, amevaa gambuti na koti la kazi. Aliyaona magunzi yangu akasimama. Huyo alikuwa Bi Rispa, afisa wa mifugo, ambaye wafugaji wote walimwita Daktari.

"Unajua hizi za njano zimetoka wapi?"

"Sijui. Nimeuliza kila mtu hapa, wananiambia ni Mungu."

"Mungu yupo, lakini pia kuna jirani aliyepanda mahindi ya njano," akasema. "Kila punje hapa ni mtoto. Mama yao ni mmoja, hili gunzi. Baba zao ni wengi, wameletwa na upepo. Punje ya njano inakutajia baba yake."

Nilishona gunia nililokuwa nalo, nikamfuata. Nilimbebea mtungi kwa muda mrefu kabla hajaniruhusu kushika mrija. Siku ya kwanza aliyoniruhusu, niliyeyusha mrija kwenye maji ya moto badala ya vuguvugu, nikavaa glavu ya kulia mkono wa kushoto, na ng'ombe akanikanyaga. Rispa alisema kwamba kati yetu watatu, ng'ombe pekee ndiye aliyejua kazi yake.

Alinifundisha urithi kwa nafaka, jikoni kwake. Alichukua vikombe viwili. Katika kila kimoja alitia punje mbili, akiwa na njahi nyeusi na maharagwe mekundu ya kuchagua.

"Kila kikombe ni mzazi," alisema. "Kila mzazi ana punje mbili za rangi, na humpa mtoto moja tu. Yeye mwenyewe hachagui. Kwa Friziani, njahi ikiwepo hata moja, ng'ombe ni mweusi. Ili awe mwekundu lazima apate maharagwe mawili, moja kwa mama, moja kwa baba."

"Kwa hivyo mweusi anaweza kuwa na haragwe ndani?"

"Anaweza, na hutaliona. Unaweza kumwosha, kumkagua, kumpeleka kwenye maonyesho akashinda. Hutaliona mpaka azae."

Nilicheza mchezo ule mpaka maharagwe yakaota ukungu. Wazazi wawili weusi, kila mmoja na njahi moja na haragwe moja: unachota bila kuangalia, na kati ya watoto wanne, kwa wastani, mmoja hutoka mwekundu. Kwa wastani, alisisitiza. Ng'ombe hajasoma wastani. Tangu hapo sikutembea bila njahi na maharagwe machache mfuko wa koti, na wafugaji wengi walidhani natembea na chakula changu.

Sasa nifike kwa Mzee Zakayo.

Zakayo alikuwa dereva wa malori ya masafa, na alipopumzika alinunua ekari zake nje ya Rongai na kuzijaza Friziani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa haki na wa sauti kubwa. Mrija hakuutaka. Alikuwa na fahali wake, Gavana, mweusi wa mabaka meupe, ambaye nusu ya majirani walimletea ng'ombe wao. "Gavana ni safi," alikuwa akisema. "Hana doa la ukoo." Na ng'ombe aliyempenda kuliko wote alikuwa Malkia, mweusi pia, aliyemnunua akiwa mtamba.

Mchungaji wake aliitwa Barnaba. Alikamua, alikata majani, alilala chumba kilichounganishwa na zizi, na alifanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba ng'ombe walimtii yeye kuliko mwenye mali. Alikuwa na mke na watoto Marigat waliokula kutokana na kazi ile.

Zakayo alinipigia simu akasema tu, "Mama, njoo. Njoo uone kile nimefanyiwa."

Malkia alikuwa amezaa mtamba mwekundu kama udongo wa Bahati, mwenye mabaka meupe.

"Gavana mweusi, Malkia mweusi," Zakayo akasema. "Huyu ametoka wapi?" Alinyoosha fimbo kuelekea ng'ambo ya fensi. Huko, kwa Mama Tabitha, alisimama fahali mwekundu wa mabaka meupe, asiye na pembe, anatafuna na kutuangalia. "Na uone hapa." Alinipeleka kwenye fensi. Palikuwa na shimo lililozibwa kwa waya mpya. "Nimemuuliza huyu, unaziba nini kama hakuna kilichopita?"

"Mbuzi, mzee," Barnaba akasema nyuma yetu. Alikuwa ameshika ndoo. "Ni mbuzi walikuwa wanapita."

"Mbuzi ndio wamezaa na Malkia?"

Barnaba aliiweka ndoo chini. Zakayo alikuwa ameshamwambia aondoke mwezi ukiisha. Haikuwa kazi tu iliyokuwa ikipotea. Mchungaji anayefukuzwa kwa sababu ya kumfungulia jirani aingize fahali wake hapati zizi lingine upande huu wa Nakuru, habari humtangulia. Zakayo alikuwa pia amekataza ndama asipewe jina. Kwetu, anayekamua ndiye hutaja jina la ndama, na huyu alikuwa akiitwa "huyo" tu.

Nilitoa nafaka zangu nikachuchumaa uani. Nilimweleza mzee kama nilivyoelezwa. Nikamwambia jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: "Mzee, tuseme ndume ya Mama Tabitha iliingia kweli. Malkia angekuwa na njahi mbili, huyu ndama bado angekuwa mweusi. Mwekundu anataka haragwe la mama pia. Kwa hivyo baba awe nani awe, Malkia ana haragwe. Hilo halina ubishi."

"Unasema ng'ombe yangu ni chafu?"

"Nasema ana njahi moja na haragwe moja. Na Gavana pia anaweza kuwa hivyo."

Wakati huo kuku alikuja akadonoa haragwe la Gavana akaenda nalo. Barnaba aligeuza uso. Zakayo hakucheka.

"Anaweza kuwa," akasema. "Ama ndume ya jirani ilipita kwa hilo shimo. Wewe umeniletea mbili. Nataka moja."

Alikuwa sahihi, na hapo ndipo nawaomba vijana mwende polepole. Rangi ilinitajia mama. Baba haikunitajia, kwa sababu mafahali wote wawili wangeweza kutoa haragwe. Mabaka meupe nayo hayakusaidia. Wote walikuwa nayo. Nilimpigia Rispa. Alisema nywele za ndama na za mafahali zingepelekwa maabara Nairobi na jibu lingerudi. Zakayo alisema nywele za ng'ombe wake hazitapelekwa Nairobi kama za mshukiwa wa mauaji.

"Basi rudi kwa macho," Rispa akaniambia. "Hao ndume wanatofautiana wapi?"

Nilikuwa nimekaa kwenye pikipiki, naangalia ng'ambo ya fensi, na jibu lilikuwa limesimama pale linatafuna. Fahali wa Tabitha hakuwa na pembe, Gavana alikuwa nazo.

Kwa pembe mchezo ni uleule, ila kutokuwa na pembe ndiyo njahi: ikiwepo moja, ndama hamei pembe. Malkia alikuwa ukoo wa pembe. Zake zilichomwa utotoni na makovu yapo. Kwa hivyo yeye asingeweza kumpa mtoto ila kumea pembe. Kama fahali wa Tabitha alikuwa na njahi mbili za upande huo, kila mtoto wake angekuwa kipara, yaani asiyemea pembe, hata kwa Malkia. Basi ndama mwekundu akimea pembe, si wake. Lakini kama fahali yule alikuwa na njahi moja tu, ndama wake angeweza kumea, nasi tungebaki palepale.

"Mzee," nikamwambia Zakayo, "mpe Barnaba mpaka kichwa cha ndama kiseme. Na mtu asimchome hizo pembe."

Aligonga fimbo chini. "Mpaka mwisho wa mwezi. Nilishasema mwisho wa mwezi."

Nilivuka kwa Mama Tabitha. Alikuwa ameshasikia, na alikuwa amekasirika kwa niaba ya fahali wake. "Ndume yangu watu huja kuiomba kwa heshima," akasema. "Haijawahi kupita kwa shimo kama mbwa." Lakini alinitajia kila zizi lililoleta ng'ombe kwake, nami nikaanza kuzunguka kushika vichwa vya ndama.

Mkifanya kazi kama hii, muulizeni kwanza mama. Ndama wa mama asiye na pembe hakusaidii chochote, kwa maana hujui kipara amekitoa wapi. Wengi niliwaacha kwa sababu hiyo. Kisha pitisheni kidole mahali pa pembe. Kichwa kilichochomwa kina kovu gumu lisilo na nywele. Kichwa cha kipara halisi ni laini, kina nywele, na juu kimechongoka kidogo. Zizi moja nilikuta kitu kama pembe kwa ndama mkubwa, na hesabu yangu yote ingeanguka hapo. Nilikishika, kikacheza huku na huku kama jino la mtoto. Pembe ya kweli imeshika mfupa. Hicho kilikuwa kipande kilichojishikiza kwenye ngozi tu, na vipara wengine huwa nacho. Nilishusha pumzi mpaka ndama akanishangaa.

Mwishowe nilikuwa na ndama kumi na mmoja wa mama wenye pembe, wote vipara. Nilimwambia Rispa nimethibitisha.

"Hujathibitisha," akasema. "Rusha shilingi mara kumi na moja, inaweza kuangukia upande mmoja zote. Lakini umekaribia sana. Mimi ningeamini."

Katika kuzunguka huko nilipata jambo ambalo sikulitafuta. Mama Esta, mke wa mfugaji mmoja aliyekuwa akitumia Gavana, alinivuta nyuma ya jiko wakati mumewe anatafuta kamba.

"Unauliza juu ya nyekundu?" akanong'ona. "Hata sisi Gavana alitupatia mwekundu. Nilimwambia kijana ampakie kwa pikapu kabla mwenyewe, mume wangu, hajaamka, tukamwambia ndama alizaliwa amekufa."

"Kwa nini, mama?"

"Angesema nimefungulia jirani."

Zizi la pili mchungaji aliniambia vivyo hivyo, na la tatu mwenye ng'ombe mwenyewe, aliyeona aibu kwa Zakayo. Kila mmoja alidhani ni kwake tu. Gavana alikuwa akitoa haragwe lake miaka yote ile, na watu wa bonde zima walikuwa wakilificha, kila mtu kwa kumhofia mwingine, mpaka likabaki jina la fahali safi. Sikuwataja kwa Zakayo. Siri ile haikuwa yangu, na kazi ilikuwa kichwa cha ndama.

Nilirudi kwa Zakayo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mahali pa pembe palikuwa na nywele tu. Barnaba alikamua bila kuzungumza. Siku moja nilimkuta anafunga nguo zake kwenye gunia mapema. Aliniuliza, "Mama, na kama hatamea?"

Nilimwambia ukweli. "Kama hatamea, Gavana hawezi kuwa baba, kwa sababu Gavana ana pembe na Malkia ana pembe."

"Basi nitakuwa mwongo."

"Utakuwa umeziba shimo umechelewa. Si lazima uwe mwongo."

"Kwa mzee ni kitu kimoja."

Wiki ya mwisho ya mwezi nilimshika ndama kichwa, nikasimama, nikamwita mzee. Sikumwambia nimehisi nini. Nilichukua kidole chake chenye sugu za usukani nikakiweka chini ya nywele, kulia, kisha kushoto.

"Bonyeza. Inacheza?"

Alibonyeza. Alirudia kulia. Alirudia kushoto. "Haichezi."

"Ni mfupa, mzee."

Alibaki na mkono juu ya kichwa cha ndama muda mrefu. Gavana alikuwa akikwangua pembe zake kwenye nguzo. Kisha Zakayo akamgeukia Barnaba, aliyekuwa chini ya Malkia akikamua, na sauti yake ikawa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Huyu ndama anaitwa nani?"

Wanaomjua Zakayo wanajua hilo lilikuwa ombi la msamaha, na lilikuwa kubwa.

"Ulisema asiitwe," Barnaba akasema bila kugeuka.

"Sasa nasema aitwe."

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. "Basi aitwe Ngoja."

"Ngoja?"

"Ngoja. Mzee, ulipolazwa hospitali ni mimi nilikuwa na funguo za hii boma. Nyumba, stoo, kila kitu. Hukuhesabu hata kijiko uliporudi. Halafu kwa hii, ukangoja ng'ombe ndiyo iseme."

"Sijasema uende."

"Najua haujasema."

Alimaliza kukamua, akamwaga maziwa kwenye mkebe, akaosha ndoo na kuigeuza juani kama kawaida. Mwezi ulipoisha alichukua gunia lake akaenda. Nilimtafutia kazi kwa mfugaji mmoja karibu na Longonot, na habari iliyomtangulia ilikuwa yangu.

Nilimweleza Rispa kwamba hesabu ilitoka sawa. Alikuwa akimimina chai.

"Na mtu?"

"Ameenda."

Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa kabisa.

Nilidhani Zakayo angenyamaza, maana kukiri habari ya Gavana kulikuwa kujivua kofia mbele ya watu. Lakini asubuhi moja, kwenye foleni ya mikebe ya maziwa, alisimama na sauti yake ya lori akasema, "Sikilizeni. Gavana ana nyekundu ndani. Mkipata ndama mwekundu, ni wa Gavana. Msigombane na mtu nyumbani." Mama Esta, mkebe mkononi, alimwangalia mumewe, akaangalia chini, kisha akaanza kucheka, na mumewe akamuuliza anacheka nini. Sijui alimjibu nini. Sikuulizia, na mnajua kutouliza hunigharimu.

Ngoja alikua ng'ombe wa maziwa mengi na hasira kidogo. Alipofikia wakati wa kupandwa, Zakayo alinipigia. Ndiyo, huyo aliyekataa mrija.

"Mama, leta. Leta ya Friziani mwekundu."

"Mzee, huyu ana maharagwe mawili. Nikimletea mwekundu, hakuna njahi hata moja. Atazaa mwekundu tu."

"Najua," akasema. "Nimehesabu."

Huo ulikuwa miongoni mwa mirija yangu ya mwisho, na bega likanikumbusha njia nzima ya kurudi. Mwaka huu Ngoja amezaa. Zakayo alinipigia kabla hata ndama hajasimama, akanieleza kila kitu, kisha akabaki kwenye laini kama mtu aliyesahau jambo.

"Yule mtu wa Longonot," akasema mwishowe. "Uko na namba yake?"

"Niko nayo. Nikutumie?"

"Hapana. Wewe mwambie tu. Na umwambie bado hana jina."

Nilimpigia Barnaba jioni. Nilisikia ndoo, na ng'ombe wa watu wengine nyuma yake.

"Ngoja amezaa," nikamwambia.

Ndoo ilinyamaza. "Rangi gani?"

"Mwekundu. Mzee anasema hana jina, anangoja wewe."

Halafu nikamsikia anacheka, polepole, kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake miaka yote ile.

"Mwambie mzee nakuja Jumapili," akasema. "Na umwambie aangalie fensi."